Mguu Uliovutwa, Bega Lililopoa: Jibu Kuhusu Nahau za Kiingereza Zinazotaja Viungo vya Mwili

Msomaji ameuliza: “Ninafanya kazi na wenzangu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza. Wiki iliyopita mmoja wao aliniambia jambo lililonishtua, kisha akacheka na kuongeza, ‘I'm only pulling your leg.’ Siku mbili baadaye, nikiwa najiandaa kwa usaili, mwingine akaniandikia, ‘Break a leg!’ Kila neno nalijua, lakini sikuelewa kitu, na ujumbe wa pili sikuujibu kabisa kwa kuwa niliuona kama laana. Kwa nini Kiingereza hutaja viungo vya mwili katika mambo yasiyohusu mwili? Je, naweza kuzikisia nahau hizi kwa kuzilinganisha na zetu? Na je, zinafaa katika barua za kazini?”

Ndugu msomaji, hukulaaniwa. Mwenzako wa kwanza alikuwa anakutania: “to pull someone's leg” ni kumwambia mtu jambo lisilo la kweli kwa mzaha, ili uone kama ataliamini. Wa pili alikuwa anakutakia heri kwa maneno yaliyopinduliwa makusudi, desturi iliyozoeleka kwa waigizaji wa tamthilia, ambao huona kwamba kumtakia mtu mafanikio waziwazi kabla hajapanda jukwaani ni kumletea nuksi. Kwa hiyo humtakia avunjike mguu, na kila aliye karibu anafahamu kwamba mguu wenyewe hauhusiki. Ulishtuka kwa sababu ulifanya anachofanya kila msomaji makini, yaani ulijumlisha maana za maneno moja moja. Nahau ndiyo mahali ambapo hesabu hiyo haitoi jibu.

Kuhusu swali lako la kwanza, Kiingereza hakijatenda jambo la ajabu. Mwili ndio kitu cha kwanza ambacho binadamu hukijua na ndio anaoubeba kila aendako, hivyo lugha inapotaka kutaja jambo lisiloshikika hukopa jina la kitu kilicho karibu zaidi. Sisi wenyewe husema kichwa cha habari, mguu wa meza na mdomo wa chupa bila kuhisi kwamba tumesema kwa mafumbo. Tunasema mtu amepiga moyo konde, kwamba ana mkono wa birika, kwamba amefikwa na maji ya shingo, na mgeni anayejifunza Kiswahili hukodoa macho kama ulivyokodoa wewe. Mwaka 1980 wanazuoni wawili wa Marekani, George Lakoff na Mark Johnson, walitoa hoja iliyoathiri sana utafiti wa lugha tangu wakati huo: kwamba sitiari, mbali na kuwa pambo la washairi, ni njia ambayo akili huitumia kila siku kuyaelewa mambo ya dhahania kupitia yale ambayo mwili umeyaonja. Ndiyo maana hasira huwa moto katika lugha nyingi. Mwingereza husema “it makes my blood boil”, nasi husema damu imenichemka, na hakuna anayehitaji kamusi ili amwelewe mwenzake.

Lugha hizi mbili hutengana pale zinapogawa kazi za viungo. Ulaya ya kale, ikifuata mafundisho ya tiba ya Hippocrates na Galen, iliamini kwamba afya na tabia ya mtu hutegemea majimaji manne ya mwilini: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Tiba hiyo iliachwa zamani, lakini masalia yake yamebaki midomoni. Mtu katili asiyetikisika huitwa “cold-blooded”, na anayezitoa hasira zake zote husemwa kwamba “vents his spleen”, yaani anaufungulia wengu. Kwetu moyo hubeba ujasiri, nia na subira. Roho hubeba wasiwasi na uchoyo. Ini ndilo linaloumizwa na maneno makali, hata tukasema maneno yale yalimkata maini. Kwa Mwingereza “heart” ni kiti cha mapenzi na huruma zaidi ya kitu kingine, kichwa ni kiti cha busara, na matumbo ni kiti cha ujasiri. Woga ukimbana, husema moyo wake uko mdomoni, “my heart was in my mouth”, mahali ambapo sisi tungesema roho ilikuwa mkononi. Hali ni moja, ila safari ya kiungo ni tofauti.

Hapo ndipo swali lako la pili linapokuwa gumu, na ndilo ninalotaka kukaa nalo zaidi. Je, unaweza kukisia? Unaweza, lakini ujue hatari iko wapi. Nahau ngeni kabisa, kama hizo mbili zilizokusumbua, hazina madhara makubwa, kwa kuwa ugeni wake unakusimamisha njiani ukauliza. Nahau inayofanana na yetu haikusimamishi. Unapita ukidhani umeelewa, unajibu au unatafsiri, na kosa linabaki bila kugunduliwa na wewe wala na yule uliyemjibu. Katika tafsiri nilizozipitia kwa miaka mingi, makosa yaliyogeuza maana kabisa yalitoka mara nyingi kwenye nahau ambazo mfasiri aliziona rahisi.

Tuanze na moyo, kwa sababu ndio unaoongoza kwa kupotosha. Mswahili akisema nimevunjika moyo, anamaanisha kwamba amekata tamaa: amejaribu, hakufanikiwa, na hana tena hamu ya kuendelea. Mwingereza akisema “my heart is broken” au “I'm heartbroken”, anamaanisha huzuni kubwa, hasa ya kuachwa na mpenzi au kufiwa. Ukimwandikia mkuu wako kwamba “I am heartbroken about this project”, ukikusudia kwamba umepungukiwa na ari, atadhani umo katika majonzi, pengine atakupa pole kwa msiba asioujua. Nahau uliyokuwa unaitafuta ni “to lose heart”, kuupoteza moyo, na kinyume chake ni “to take heart”, kujipa moyo. Vilevile tunaposema wewe una moyo, tunamsifu mtu kwa uvumilivu au ushujaa wake. Kiingereza kina “have a heart!”, lakini hayo ni maombi: mwenye kuyasema anakusihi uwe na huruma. Anayemwambia mwenzake “have a heart” akidhani anamsifu atakuwa amemshutumu kwa ukatili.

Mkono nao una mitego yake. Kumpa mtu mkono kwetu ni kumsalimu, na kwa upana wake ni kumpongeza au kumfariji, ndiyo maana tuna mkono wa heri na mkono wa pole. “Give me a hand” ni ombi la msaada, na “give her a big hand” ni wito kwa hadhira ipige makofi kwa nguvu. Katika hayo yote hakuna anayenyoosha mkono ili ushikwe. Mtu mwenye mkono mzito kwetu ni bahili, kutoa kwake ni shida. “Heavy-handed” ni mtu anayetumia nguvu au ukali kupita kiasi, kwa mfano msimamizi anayetoa adhabu kubwa kwa kosa dogo, na anaweza kuwa mkarimu kupindukia. Mwenye mkono mrefu kwetu ni mwizi, ingawa pia husema serikali ina mkono mrefu. Kiingereza kina maana hiyo ya pili peke yake katika “the long arm of the law”, na mwizi wake anatambulika kwa vidole, ambavyo ni vyepesi katika “light-fingered” au vinanata katika “sticky fingers”.

Matumbo ni mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa unaonyesha kwamba kiungo kimoja kinaweza kupandishwa cheo katika lugha moja na kushushwa katika nyingine. Mtu akisema utumbo, katika mazungumzo yetu ya kawaida, amesema upuuzi. Lakini “she's got guts” ni sifa kubwa: mwanamke huyo ni jasiri, yuko tayari kusema au kutenda yale ambayo wengine wanayaogopa. Na “gut feeling” ni hisia ya ndani inayokuja kabla ya hoja, ambayo watu huiamini hata katika maamuzi mazito. Nyongo imefuata njia ya namna hiyo. Sisi tumeunda kinyongo kutokana nayo, na mambo yakiharibika husema yametumbukia nyongo. Kiingereza husema “he had the gall to ask for more”, na hapo nyongo ni ufidhuli, kukosa haya ya kudai usichostahili. Shavu pia ni hivyo hivyo. Vijana wetu wakisema mtu kapata shavu wanamaanisha kapata nafasi nzuri, lakini Mwingereza akisema “what a cheek!” analalamika kwamba mtu amekosa adabu.

Viko vingine ambavyo nitavipitia kwa haraka. Kumwambia mtu yatakutokea puani ni kumwonya kwamba starehe anayoipata sasa itamletea maumivu. “To pay through the nose” ni kulipa bei kubwa mno kwa kitu, bila onyo lolote ndani yake. “They don't see eye to eye” haina uhusiano na kutazamana macho kwa macho, wala na kisasi cha jicho kwa jicho. Maana yake ni kwamba hawakubaliani.

Pamoja na mitego hiyo, marafiki wa kweli wapo, nao ni vizuri uwajue ili upate pa kushika. “Shoulder to shoulder” ni bega kwa bega, bila kupunguza wala kuongeza. “Up to my neck in work” inakaribiana sana na maji yetu ya shingo, ingawa ya kwetu hubeba shida zaidi na yao hubeba wingi wa shughuli. “Swollen-headed” ni aliyevimba kichwa. “To turn your back on someone” ni kumpa mtu kisogo, na “the cold shoulder”, bega lililopoa, ni jamaa wa karibu: ni kumpuuza mtu makusudi, kwa ubaridi, hasa mtu aliyetarajia ukarimu. Baadhi ya mfanano huu una chanzo kimoja kinachojulikana. Waingereza walisoma Biblia katika lugha yao, nasi tukaisoma katika yetu, na nahau za Kiebrania na za Kigiriki zikaingia pande zote. Kunawa mikono kwa maana ya kujivua lawama ni tendo la Pilato katika Mathayo 27:24. Mboni ya jicho katika Kumbukumbu la Torati 32:10 ndiyo “the apple of my eye” ya Kiingereza, na hilo tunda lisikuchanganye: zamani Waingereza waliiita mboni kwa jina hilo kwa sababu waliidhania kuwa kitu kigumu cha mviringo. Ila hata hapa uwe macho. Kutoka Ayubu 19:20 Kiingereza kilipata “by the skin of my teeth”, yaani kunusurika kwa tundu la sindano, na msemo huo wa ngozi ya meno haujawahi kuwa nahau ya kila siku katika Kiswahili.

Bila shaka utajaribu pia kukisia maana kwa kutafuta asili ya kila nahau, na hapa nakuomba uwe mwangalifu zaidi. Baadhi ya visa ni vya kuaminika. Nahau ya kuwa na kipande cha mti begani, “a chip on your shoulder”, ilitokana na mchezo wa wavulana wa Marekani ulioelezwa magazetini tangu mwaka 1830: mvulana aliyetaka ugomvi aliweka kibanzi begani na kumchokoza mwenzake akiangushe. Leo mwenye kibanzi hicho ni mtu anayeishi na kinyongo, tayari kuona dharau hata mahali isipokuwepo, na kisa kinaifafanua maana vizuri sana. “To win hands down”, kushinda bila jasho, ilitoka kwenye mbio za farasi, ambapo mpanda farasi aliyewaacha wenzake mbali aliweza kulegeza hatamu na kushusha mikono kabla ya kumaliza. “Turn a blind eye” huhusishwa na Horatio Nelson, kamanda wa majini wa Uingereza, katika mapigano ya Copenhagen mwaka 1801: inasimuliwa kwamba alipopewa ishara ya kusitisha mashambulizi, aliielekeza darubini kwenye jicho ambalo halikuwa linaona, akasema haoni ishara yoyote. Sisi husema kulifumbia macho jambo, na tunafumba yote mawili.

Visa vingine, hata hivyo, vimetungwa baadaye na watu wenye bidii ya kueleza kila kitu. Utaambiwa kwamba “it cost an arm and a leg”, kitu kiliuzwa ghali mno, ilitoka kwa wachoraji wa karne ya 18 waliotoza zaidi kwa kila kiungo kilichoonekana kwenye picha. Lakini nahau hiyo haionekani kwenye maandishi hadi karne ya 20. Utaambiwa kwamba “break a leg” ilitokana na John Wilkes Booth, mwigizaji aliyemuua Rais Abraham Lincoln mwaka 1865 na ambaye inasemekana alivunjika mguu aliporukia jukwaani. Kati ya tukio hilo na nahau yenyewe kuonekana katika maandishi kuna pengo la miongo kadhaa, jambo ambalo halitarajiwi kwa msemo uliozaliwa siku iliyojulikana hivyo. Na utaambiwa kwamba “the cold shoulder” ni nyama baridi ya bega la kondoo aliyopewa mgeni asiyetakiwa. Matumizi ya mwanzo yanayojulikana yamo katika riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1816, na pale mtu anaonyeshwa bega, hapewi chakula. Visa hivi vinakaa akilini na vinaweza kukusaidia kukumbuka. Shida huanza unapoviamini na kuvitumia kukisia nahau nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo wasemaji wa Kiswahili hulikosea zaidi kuliko maana, nalo ni umiliki. Sisi husema nimeumia mkono, ameinua kichwa, wameshikana mikono, na hatuoni haja ya kusema mkono wangu au kichwa chake, kwa sababu mwenye kiungo ameshatajwa na kitenzi. Kiingereza hudai kila kiungo kiwe na mwenyewe: “I hurt my hand”. Kwa hiyo katika nahau nyingi kimilikishi hubadilika kumfuata mhusika: “keep your chin up”, “she kept her chin up”, “they kept their chins up”. Baadhi ya nahau zimekatazwa kimilikishi kabisa, kama “by heart”, “by ear”, “face to face” na “lend a hand”, na hazina kanuni ya kuzitabiri. Katika baadhi ya nahau umoja na wingi pia haviguswi. Mguu unaovutwa ni mmoja hata mtu akitaniwa mara kumi, na miguu inayopoa katika “to get cold feet”, yaani kuingiwa na woga dakika za mwisho, ni miwili daima. Ndiyo sababu ninawashauri wanafunzi waandike nahau nzima kwenye daftari, pamoja na sentensi waliyoisikia, na wasiandike kamwe kiungo peke yake na maana yake pembeni. Nahau ni neno moja refu. Ukibadilisha silabi yake umebuni neno lisilokuwepo.

Nahau hizo pia hubadilika kati ya nchi na nchi. Mtu hodari wa kuotesha mimea Uingereza ana vidole vya kijani, “green fingers”, na Marekani ana dole gumba la kijani, “a green thumb”. Asiyekuwa na ustadi wa mikono Uingereza ni “all fingers and thumbs”, na Marekani amebakiwa na dole gumba tu, “all thumbs”. Mtu aliyesema neno lisilofaa Uingereza husema “I put my foot in it”, na Marekani mguu huo huishia mdomoni, “I put my foot in my mouth”. Ukimsikia mwenzako akitumia umbo fulani, shikamana na hilo unapozungumza naye.

Kuhusu barua za kazini, jibu langu ni kwamba utofautishe. Nahau zimekaa ngazi mbalimbali za heshima. Zipo zilizozoeleka hata hazihisiwi tena kuwa nahau, kama “on the other hand”, “first-hand” na “keep an eye on”, nazo unaweza kuzitumia popote, isipokuwa ya tatu ambayo katika ripoti rasmi ni afadhali uibadilishe kwa kitenzi cha kawaida. Zipo za mazungumzo ya wenzake kwa wenzake, kama kuvuta mguu, kupoa miguu na gharama ya mkono na mguu, ambazo zinafaa katika ujumbe mfupi kwa mtu mnayefahamiana lakini hazina nafasi katika mkataba, barua ya maombi au taarifa kwa mteja. Zipo za kuudhi. “He's a pain in the neck” humaanisha kwamba mtu ni kero, nayo inavumilika kati ya marafiki. Ina dada yake anayetaja makalio badala ya shingo, na huyo uishie kumwelewa tu. “My foot!” ni njia ya kumwambia mtu kwamba humwamini hata kidogo, na hakuna mkuu wa kazi atakayeifurahia. Tena waandishi na wahariri wengi siku hizi huepuka “turn a blind eye” na “turn a deaf ear”, kwa kuwa zinaufananisha upofu na uziwi na kukataa kuona au kusikia kwa makusudi, na watu wenye ulemavu huo wameeleza kwamba zinawaumiza. Nakubaliana nao, “to ignore” inasema yote.

Nimalizie na yale majibu uliyoyakosa. Mtu akikuambia “I'm only pulling your leg”, cheka kama unaweza, au sema “You nearly got me”, yaani ulikaribia kunipata. Mtu akikutakia uvunjike mguu, jibu ni “Thanks!” peke yake, na wewe mwenyewe unaweza kumtakia hivyo anayekwenda kuhutubia au kuigiza, ila usimwambie mwanariadha wala mtu anayesubiri upasuaji. Yule uliyemnyamazia bado anaweza kupata jibu lake leo: “Thanks for the good wishes. The interview is over and my legs are fine.” Atatambua kwamba sasa umeielewa, na nadhani atafurahi.